Milioni Moja na Tatu

Vumbi la Dodoma ni kaidi: ukilifagia asubuhi, saa sita limerudi na wajomba zake. Evarista alipigana nalo miaka kumi na tisa kwenye chuo kimoja njia ya Mtumba, hata mafagio yakamzoea. Likianguka moja, linajiinua lenyewe. Wafagiaji wenzake walikuwa Mama Lea, Mama Jordan. Yeye Evarista tu, mpaka mvi. Mumewe, kule kijijini Haneti, alimrudisha kwao kwa neno moja: tasa.

Sasa asubuhi moja anaingia darasani, anakuta ubaoni: 1,000,003 NI TASA. Ndoo ikamponyoka.

"Mwalimu Ulimboka! Nimekukosea nini hata unitangaze? Na hiyo milioni, ndiyo hesabu ya uliokwisha kuwaambia?"

"Shikamoo, mama. Hiyo ni namba!"

"Shikamoo yako kaa nayo. Namba nayo inazaa?"

"Namba tasa ni ile isiyogawanyika sawasawa, ila kwa moja na kwa yenyewe. Ukigawa kwa nyingine yoyote, kunabaki."

"Nani kaijaribu? Nikiigawa mimi, unafuta hilo neno?"

"Nafuta. Ila ukifika elfu moja hujapata, acha. Mbele ya hapo hakuna kipya." Mwalimu akalizungushia duara neno lile, lisifutwe.

Darasa lake la nne lilimtosha kugawa. Kila jioni alikaa chumbani na penseli, akigawa nyuma ya kalenda kuukuu. Kwa mbili, ikabaki moja. Kwa tatu, moja. Kwa saba, nne. Kwa kumi na moja, nne. Kwa kumi na tatu, nne zile zile, kama wageni wasioaga. Salma, mpangaji wa chumba cha pili, akachungulia.

"Barua ya nani hiyo, Evarista?"

"Ya mtu asiyejibu."

Kalenda zikaisha, akahamia kwenye mifuko ya saruji. Penseli zikaadimika kata nzima. Kwa mia moja na moja zikabaki mbili tu, mbili! Akainuka, akazunguka chumba, hakuna wa kumweleza. Akakaa, akaendelea.

Wiki ya tisa akavuka elfu moja. Akamfuata Mwalimu darasani.

"Imegoma."

"Nilikuambia, mama." Mwalimu akainua kifutio. "Lakini nitalifuta tu, kwa heshima yako."

"Liache. Nimeikagua kila upande. Haina kosa popote."

Kule Haneti hakuna aliyemkagua yeye hata wiki moja. Akasimama akiitazama ile namba, mkono kiunoni.

"Tasa mwenzake yuko wapi?"

Mwalimu akafungua kitabu, akafuata safu kwa kidole. "Mbele, hatua thelathini. Nyuma, ishirini. Wa katikati wote wanagawanyika."

"Mbali," Evarista akasema, akaokota ndoo yake, akaenda darasa linalofuata.