Zamu ya Reverien Kuchoma Nyama

Mimi Haidari nina hasira za karibu, sikatai, na siku ya zamu ya Reverien zilinivua nguo mbele za watu. Lakini tuanze na Reverien mwenyewe, maana habari hii ni yake.

Reverien ni seremala, anakaa njia ya kwenda Heru Juu. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye kazaliwa huku, uraia walishapata, na Kiha cha hapa kwetu anakiongea kuliko wanangu wanaoshinda na redio ya Dar. Mtu mpole mpaka anakera. Ukimkanyaga, yeye ndiye anakuomba radhi. Meza ya dukani kwangu, pale ninapouzia ndoo na mabeseni, kaitengeneza yeye. Niligomba kwamba inayumba, akaja, akapima, akakuta sakafu yangu ndiyo mbovu. Akachonga kibao, akakiweka chini ya mguu, akaaga.

Kitu kimoja tu kilimnyima raha. Baba yake alipofariki walikuwa wageni mtaani, na waliomzika walikuwa watano. Reverien alichimba kaburi mwenyewe, akatoka shimoni, akanawa, akaenda kushika jeneza. Sasa mama yake, Bibi Theodosia, ana miaka themanini na kitu, na kila akikohoa Reverien anaanza kuwaza nani atambeba. Ndiyo maana akaingia chama chetu cha Bega kwa Bega.

Tupo wanaume ishirini na watatu, Waislamu kwa Wakristo. Ukifiwa tunachimba, tunabeba, tunakaa matanga. Kila mwaka tukishavuna maharage, mmoja wetu anatualika uani kwake kwa nyama choma. Mtu mpya akishapokea zamu hiyo, ndipo wazazi wake nao wanaandikwa kwenye chama. Na sharti ni moto mmoja: anachinja Mwislamu, tunakula wote, hakuna cha meko ya pembeni ya akina fulani. Mchinjaji ni mimi, na mwenye zamu huja mwenyewe nyumbani kunichukua. Duniani sina cheo kingine, kwa hiyo niacheni nikitumie.

Basi, Jumamosi ile Reverien kafika kwangu na bodaboda saa mbili asubuhi. Nikamwambia, "Karibu, ngoja ninywe chai." Chai ikaleta chapati, chapati ikaleta maharage, maharage yakaleta jirani mwenye maneno mengi. Mwenzangu kakaa ukingoni mwa kiti, anaangalia saa, anasema, "Hamna shida, mzee wangu." Tulipoondoka saa nne ilikuwa imeshapita.

Tunaingia uani, mbuzi wawili wananing'inia mtini, wameshachunwa! Kando yao Makarius anafuta kisu, uso umejaa furaha. Huyu ni shemeji yake Reverien, kaka wa mkewe, aliyekuja jana yake kutoka Gwarama kusaidia.

"Shemeji, niliona unachelewa, nikasema nikuokoe!"

Kwao wakiwa na sherehe wanachinja wenyewe tu, hakuna anayeuliza. Lakini mimi hata sikungoja maelezo. Nikalipuka.

"Kibudu! Mnataka kutulisha kibudu! Miaka yote hii mnaishi na watu, hamjajifunza?"

Wanachama walikuwa wameshaanza kuingia. Makarius akakitazama kile kisu, asijue akiweke wapi. Reverien hakujitetea. Angeweza kusema kwamba huyu mzee alikuwa anakunywa chai kwa saa mbili nzima, wala hakusema.

"Kosa ni langu, ndugu zangu. Mnisamehe," akasema.

Jamani, niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Lakini nilishasema, na watu walishasikia.

Wakristo wetu wangeweza kula nyama ile. Hakusogea hata mmoja. Lukmani, mwenyekiti wetu, akakuna kidevu. "Moto ni mmoja," akasema. "Nadhani tuahirishe. Mwakani tutaona."

Yaani Bibi Theodosia asiandikwe mpaka mwakani, na mwakani anaijua nani? Reverien akakaa chini kwenye gogo, mikono kichwani.

Mara tukamwona Bibi mwenyewe anatokea nyuma ya jiko, fimbo mkono huu, mkono huu anavuta beberu mweusi mnene kweli kweli.

Reverien akaruka. "Mama, huyo hapana!"

"Nyamaza wewe." Akatugeukia sisi. "Huyu nimemfuga kwa ajili ya watu watakaokuja kunizika, wasirudi makwao na njaa. Baba yake Reverien tulimzika watu watano, na hata chai hawakupata. Sasa ninyi mpo, mbuzi yupo, na mimi nipo. Kuleni nikiwaona."

Lukmani akavua kofia, akaivaa tena.

Nikamwendea, nikasema kwa sauti wote wasikie: "Bibi, aliyechelewesha shughuli ni mimi. Reverien hana kosa, wala shemeji yake hana. Mnisamehe." Kisha nikamwita Makarius aje anishikie miguu ya mbuzi. Tukamwelekeza kibla, nikapiga bismillahi, kazi ikaisha. Wale wawili wa mwanzo mke wa Reverien akawagawia majirani Wakristo.

Mbuzi mmoja kwa midomo ishirini na mitatu! Kila mtu kapata vipande vya kuhesabika, na hakuna aliyenuna. Tulishushia na ndizi za kuchoma, pilipili ikatutoa kamasi, Makarius akawa ndiye bingwa wa utani. Lukmani akaandika jina la Bibi mbele ya macho yake.

Bibi akaomba kiti chake kiwekwe karibu na moto, akaanza kutugawia kazi mmoja mmoja kwa fimbo. "Wewe mwenye mabega, utashika mbele. Wewe mfupi, utachimba. Wewe usishike kitu, utaniangusha."

Tukawa tunacheka hatuna mbavu. Fimbo ikanifikia mimi, ikasimama.

"Wewe utalia," akasema. "Sauti unayo."

Reverien akacheka mpaka akashika tumbo, mara yangu ya kwanza kumwona hivyo.

"Nitalia, Bibi," nikamwambia, na machozi yalikuwa yameshanitoka.