Wameniandikia Toba Yenye Uongo, na Uongo Wenyewe Ni Wangu

Admin, naomba ufiche jina langu na la usharika wetu. Huku Madibira tunajuana mpaka kuku, kwa hiyo hata ukificha wapo watakaonitambua. Basi, liwalo na liwe, nimeshindwa kukaa nalo moyoni.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Kalenga, ila wazazi walihamia huku kwenye mpunga nikiwa mdogo. Baba alishafariki. Naishi na mama na mwanangu wa kike wa mwaka mmoja na nusu. Nimekulia kwaya, nimeimba sauti ya kwanza tangu kidato cha pili, na sijisifu, nikikosekana Jumapili watu walikuwa wanauliza niko wapi.

Baba wa mtoto wangu ni mwalimu wetu wa kwaya. Hakuwa na mke, mimi sikuwa na mume, na aliniahidi ndoa. Nilipomwambia nina mimba zilikuwa zimebaki wiki tano twende Mbeya kwenye mashindano ya kwaya. Kwetu mwalimu akikutwa na kosa la namna hiyo anasimamishwa, na kwaya nayo inafungiwa kuimba. Alipiga magoti kabisa. "Mpenzi, tuvuke haya mashindano kwanza. Tukirudi tu natuma mshenga kwa mama. Ukinitaja sasa hivi utakuwa umewaua watu arobaini." Hao watu arobaini ni wenzangu, tumeshona sare pamoja, tumefanya mazoezi mpaka sauti zikakauka. Nikawaonea huruma. Mjinga mimi!

Wazee wa kanisa waliponiita kuniuliza mwenye mimba, nikasema ni dereva wa lori niliyekutana naye Chimala nilipopeleka mchele, na jina lake silijui. Mzee mmoja aliniuliza mara tatu, "Una uhakika, binti?" Nikasema ninao. Wakaandika, nikasaini. Nikatengwa na Meza ya Bwana, nikavuliwa sare, nikahamia benchi la nyuma. Kwaya ikaenda Mbeya, ikashinda, wakarudi wanaimba juu ya gari. Mshenga sijamwona mpaka leo. Nilipomfuata yule bwana, hata usoni hakunitazama. "Si ulishasaini kwamba ni dereva? Sasa mimi naingiaje hapo?"

Jamani, nilijichukia. Nilikuwa najiangalia kwenye kioo naona takataka. Niliamini Mungu naye amenipa kisogo. Kuna siku nilisimama ukingoni mwa mfereji mkubwa wa mashamba, mtoto mgongoni, na niliyokuwa nawaza hayaandikiki. Mtoto akalia njaa, nikakaa chini kumnyonyesha, tukarudi nyumbani.

Msimu wa kupandikiza ulipofika nilipata kibarua jaruba moja na mama mmoja Msukuma, familia yake ilihamia huku Usangu na ng'ombe wao. Wanawake tukipandikiza huwa tunaimba, mikono iende pamoja na mgongo usahau kuuma. Mimi kimya. Akaniita kwa Kisukuma, yaani mama: "Mayu, mbona umenyamaza kama umemeza mche?" Nikamwambia nimetengwa, sina ruhusa ya kuimba kanisani. Alicheka mpaka akashika kiuno. "Kwani hili jaruba nalo ni la wazee wa kanisa? Aliyekupa hiyo sauti amekuja kuidai?"

Nikaanza kuimba kwa kujilazimisha, tope magotini, machozi yanadondoka kwenye maji. Sikuona malaika, sikusikia sauti kutoka juu. Nilijua tu, kama mtu anavyojua ana njaa, kwamba Mungu ananipenda, na hakusubiri nivae sare ndipo anipende. Nililia mpaka mama yule akaniachia mstari wangu, akanipandia yeye. Tangu siku hiyo nikaanza tena kusali.

Kumbe nguvu ile ndiyo imeniingiza kwenye jaribu kubwa zaidi. Niliomba kurudi kundini ili nishiriki Meza ya Bwana na mwanangu abatizwe. Wazee wamekubali, ni Jumapili hii. Kwetu anayerudi anasimama mbele ya usharika wote, anasoma toba yake iliyoandikwa kufuata alichokiri. Karatasi yangu imeletwa juzi: "Nilizini na dereva nisiyemjua." Kuzini nilizini, sikatai, nimemlilia Mungu juu ya hilo. Lakini huyo dereva hayupo duniani, nilimtunga mimi. Nitatubuje kwa kusema uongo ule ule, tena madhabahuni?

Nimemweleza mama ukweli wote. Alilia, kisha akasema, "Mwanangu, soma walivyokuandikia. Mtoto abatizwe, na mimi nipumzike kusemwa. Nimechoka kuinamisha kichwa." Yule mwalimu naye ameshachumbia Mbeya. Amesikia narudi kundini, akanitumia ujumbe: "Ukinitaja nitakana mbele ya watu wote. Saini iliyopo ni yako."

Na ni kweli, ni yangu. Nikimtaja sina ushahidi, wazee watasema mwongo wa kwanza ndiye mwongo wa pili, mtoto atabaki bila ubatizo na mama yangu ataanikwa upya. Nikisoma, nitapokea mkate ule na uongo mdomoni, na mwanangu atabatizwa kama mtoto wa dereva huku baba yake amesimama hatua kumi tu kutoka pale, anaongoza wimbo.

Najua Mungu ananipenda, hilo hakuna wa kuninyang'anya tena. Ila sijui kama aliniinua kutoka kwenye tope lile ili nije nidanganye mbele zake, au nimvunje mama yangu. Leo ni Ijumaa, sijala tangu jana. Ninyi mliokomaa kwenye imani, nawasihi, msinitukane, nishaurini kabla kengele haijapigwa: nikisimama pale mbele, niisome ile karatasi, au nimtaje?