Mbwa Kwenye Kila Picha

Mwaka ule nilikuwa nalipwa kutafuta mbweha wa jangwani nikiwa nimekaa jikoni kwangu Wembley, London. Kamera zilifungwa kwenye mawe kaskazini mwa Kenya, pale jangwa linapoishia na malisho kuanza, na picha zikaletwa kwenye laptopu. Kazi yangu ilikuwa kuandika kilichomo: mbuzi, ngamia, upepo. Akionekana mbweha mmoja aliye hai, utafiti ungeendelea. Asipoonekana, mkataba ungekwisha, nami ningerudi kusafisha maofisi Stratford alfajiri na kumwacha mwanangu kwa watu. Sikutaka makubwa. Nilitaka mtoto akiamka anikute.

Jirani wa chini, Mkongo asiyekosa la kusema, alinicheka.

"Dada, wanakulipa utafute mbweha? Shuka basi. Yuko hapa kwenye pipa, anakula nepi za mtoto wako."

"Huyo ni wa mjini. Hana thamani."

"Kama sisi."

Tulicheka. Mimi sikucheka sana.

Picha zenyewe zilikuwa bure kabisa. Nyasi. Kwato. Na mbwa. Mbwa yule yule wa manjano, sikio moja limekatika, kila kamera. Mwanangu alikaa mapajani akinisaidia.

"Dog, Mummy."

"Sema mbwa."

"Dog again."

Nikaandika mbwa, mbwa, mbwa, nikatuma. Hakuna aliyeuliza kitu.

Halafu ikaja ile picha. Mbweha! Masikio makubwa, manyoya rangi ya mchanga, mdogo kuliko nilivyomfikiria. Nilipiga kelele mpaka mtoto akashtuka. Nikaikuza picha. Alikuwa kinywani mwa yule mbwa, shingo imelegea.

Nyuma yao ilionekana miguu ya mtu na pindo la fulana ya mradi. Mlinzi wetu. Waliomwajiri walitaka kamera zisiibwe, naye akaja na mbwa wake, kama mfugaji yeyote wa kwetu anavyotoka nyumbani. Yeye simlaumu. Angemwacha na nani?

Nilimpigia bosi simu. Nikamwambia mbweha amepatikana, amekufa, na waliomuua ni sisi.

"Pole sana," akasema. "Lakini aliyekufa haongezi mkataba."

"Mbwa nimewaandikia tangu mwanzo! Kwani hamsomi?"

"Tulikuwa tunatafuta mbweha," akanijibu polepole, kama anayeongea na mtoto.

Nikamtukana kwa Kiswahili. Hakuelewa hata neno, na hiyo inaniuma mpaka leo.

Sasa natoka nyumbani gizani kwenda kusafisha maofisi. Namshusha mwanangu kwa jirani akiwa amefungwa kwenye blanketi. Siku za mwanzo hakuamka. Siku hizi anaamka mlangoni, ananing'ang'ania kola ya yunifomu.

"Laptop, Mummy," ananiambia. "Do the dog."

Laptopu walishaichukua. Namtoa vidole kimoja kimoja, nawahi basi.