Samaki wa Firmin na Divai ya Madiran

Jirani yangu Firmin Castagnet ana miaka sitini na mbili, na hajawahi kunishinda kitu isipokuwa kulima mizabibu. Hilo namwachia. Ana shamba moja bondeni na jingine juu mlimani, lenye mizabibu aliyoipanda babu yake, mashina manene kama paja. Akipogoa Januari, baridi inakata masikio, utamsikia anayagombeza: "We mvivu! Mwaka jana umenipa vishada vitatu, huoni aibu?"

Divai yake ni nyekundu mpaka inakaribia weusi, halafu ina ukakasi. Ukiinywa hivi hivi bila chakula, mdomo unajikunja kama umetafuna ndizi mbichi. Ndivyo divai ya Madiran, huku kwetu kusini mwa Ufaransa, ilivyo, inataka mafuta: bata, nguruwe, maharage, jibini ya kondoo. Lakini wanywaji wa siku hizi wanataka laini, basi mapipa ya Firmin yakakaa tu. Mwaka juzi serikali ikamletea fomu ya kung'oa mizabibu yote, ya juu na ya chini, alipwe fidia. Akaificha chini ya redio. Tumaini lilibaki moja, Madamu Lahitte, mwenye mgahawa kule mjini Pau, aliyekubali kuja kula mchana na kuonja. Akikataa, Firmin anasaini.

Sasa sikia ujinga wa mwanaume mzima. Firmin akaenda kununua samaki.

"Samaki?" nikamuuliza. "Na divai hii? Umerogwa?"

"Marcelin, yule ni mtu wa mjini. Nimpe supu ya kabichi kama mvunaji?"

"Mpe bata wangu! Hata rais angelamba sahani."

"Bata wako kakonda kama mwenyewe."

Mkewe, shemeji Huguette, hakubishana. Alimkaanga samaki wa mgeni, na sufuria yetu ya supu akaiacha pale pale jikoni.

Madamu akaja, akala samaki kidogo, akapiga funda moja la divai ya mlimani. Akaweka glasi chini taratibu.

"Bwana Castagnet," akasema, "naona kama nimelamba msumari."

Huguette akaenda jikoni, akatuletea sisi wenyeji supu yetu.

Firmin akavuta bakuli lake la supu, akala kichwa kimeinama. Ilipobaki supu kidogo chini, akafanya tunavyofanya wote huku: akaimwagia divai humo humo, akazungusha, akainua bakuli kwa mikono miwili na kunywa mpaka tone la mwisho, kwa sauti. Ndipo akakumbuka ana mgeni.

"Samahani madamu. Mkono umejiendea wenyewe."

"Hiyo supu ina nini?"

"Vya kwetu tu," Huguette akamjibu. "Kabichi, maharage, na bata wa huyu mwongo."

"Niwekee."

Akala. Paja la bata lililohifadhiwa kwenye mafuta yake mwenyewe, nyama inaachia mfupa bila kuombwa. Kisha akaishika glasi yake tena. Akanywa, akanywa tena.

"Imelainika. Ni divai ile ile?"

"Chupa ile ile, madamu," nikadakia. "Kilichobadilika ni bata, na bata ni wangu."

Huguette akanipiga teke chini ya meza. Lile teke bado nalisikia ikibadilika hali ya hewa.

Msidhani alichukua yote. Alisema ataipokea ya mlimani, kila mwaka, kwa miezi ya baridi anapopika bata.

"Na ya bondeni?" Firmin akauliza.

"Hapana, Bwana Castagnet. Ya mlimani inanitosha baridi yote, na kiangazi wateja wangu wanakula samaki. Sitaki kukudanganya."

Firmin akaitikia kwa kichwa. Alipoondoka mgeni, akaitoa fomu, akafuta shamba la juu kwa kalamu, akasaini la chini.

Machi nilileta trekta langu, kwa sababu lake linakohoa. Tukang'oa bondeni siku mbili. Mizizi ilitoka na udongo mwekundu, Firmin akaipanga kando. Siku ya pili, safu tatu hazijaisha, nikamwona anapanda mlima na fungu la kamba begani.

"Wee! Unaniachia kazi?"

"Malizia wewe, si unajisifu una nguvu? Kule juu matawi hayajafungwa kwenye waya, na machipukizi yanatoka."

Nikamalizia.