Siku Nilipotia Maji Kwenye Dawa ya Papa

Papa, baba yangu, aliniomba nimsaidie kufa siku ya Jumatano asubuhi, nikiwa nimeshika bakuli la uji na kijiko kimefika mdomoni mwake. Alimeza kwanza. Alikuwa mtu wa adabu, hazungumzi na chakula mdomoni hata kama anachotaka kusema ni hicho. Kisha akasema, kwa sauti ileile aliyokuwa akiulizia kama ndama wameshafungwa: "Mutoto yangu, we njo munganga. Unipatiye ile dawa yote mara moya, niende."

Mimi ni muuguzi. Nafanya kazi katika kituo kidogo cha afya huko Mpofi, Walikale. Nilikuwa nimeomba ruhusa nikapanda pikipiki, siku nzima ya matope na vizuizi, kurudi kwetu kwenye vilima vya juu ya Bihambwe. Kansa ilikuwa imekula ini la Papa, na hospitali ya Goma ilimrudisha nyumbani ikisema haina la kufanya tena. Walimpa chupa mbili za kahawia za morfini ya kunywa, dawa ya maumivu makali, na seringe, bomba dogo la kuipimia. Chupa zote nilizifungia kwenye begi langu, na ufunguo nikaufunga kwenye kitenge kiunoni.

Naomba msomaji anisamehe mapema, kwa sababu nikizungumza juu ya nyumba yetu najivuna, na sitajizuia. Sisi ni watu wa ng'ombe na maziwa. Papa alikamua maziwa maisha yake yote na kuyapeleka kwenye kijumba cha kutengenezea jibini, na hakuna siku hata moja aliyoyaongeza maji. Wengine waliongeza, kila mtu anajua. Papa alikuwa na kijiti chake alichokitumbukiza kwenye bidoni, dumu la maziwa, kabla maziwa hayajatoka nyumbani, akakichora alama kwa kisu, na kwenye kijumba cha jibini wakitumbukiza kijiti kilekile waliikuta alama mahali pake. Tulikua tukijua kwamba nyumbani kwetu mtu anaweza kuwa mkali, anaweza kuwa mbishi, anaweza hata kuwa mvivu kidogo, lakini hatii maji kwenye maziwa.

"Unakumbuka ile ng'ombe nyekundu?" Papa akaniuliza.

Nilimkumbuka. Nilikuwa msichana wa miaka tisa hivi alipoteleza bondeni akavunjika miguu miwili. Kwetu mwenye ng'ombe ndiye anayemmaliza. Hatumi mchungaji, wala haiti mchinjaji. Papa alishuka mwenyewe, akamwita kwa jina lake, akamfunika macho kwa kiganja. Aliporudi, kwa siku tatu hakugusa maziwa.

"Sikutuma mutu," akasema. "Na ile ng'ombe haikuniomba. Mi niko nakuomba."

Nilikuwa na jibu, maana mimi nina jibu siku zote. Mama husema nilizaliwa nalo. "Ile ng'ombe ilikuwa na mwenye, Papa. Ulikuwa we. Lakini mi siko mwenye we."

Nilijiona hodari sana. Papa akalitafuna jibu langu polepole, kisha akauliza: "Basi mwenye mimi ni nani?"

Mama alikuwa mlangoni akichambua maharagwe. Hakuinua uso. "Ni Mungu."

"Basi akuye kuchukua kitu yake."

"Atakuya. Ye hana haraka. We njo iko na haraka."

Tulicheka wote watatu, Papa akiwa ameushika ubavu wake wa kulia kwa sababu kucheka kulimuuma. Alipopumua vizuri akaniangalia. "Kama siko kitu ya mutoto, na Mungu ametuliya, basi kwa sasa mwenye ni mimi. Unipatiye chupa niichunge mwenyewe. Na uache kunifungia dawa kama mutoto mudogo."

Nilitoka nje. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu, kwa sababu jibu langu lenyewe ndilo lililonifunga. Redioni tulikuwa tumesikia kwamba ziko nchi ambako mgonjwa asiyepona anaweza kumwomba daktari amsaidie kufa, na sheria inaruhusu. Wasikilizaji walipiga simu wakabishana mpaka kipindi kikaisha. Mimi nilifikiria wagonjwa wangu wa Mpofi. Wengi wao wameniomba wafe, na nikiwapa dawa ya kutuliza, kesho yake wananiomba chumvi kwenye mboga. Kwa hiyo mtu akiniomba kufa, kwanza namuuliza panapomuuma. Lakini Papa dawa alikuwa nayo, maumivu yalikuwa yameshuka, na bado aliomba. Kwake nilikuwa nimeishiwa swali.

Mchana nilifungua begi, nikampa chupa moja, ile iliyojaa, kwa kuwa ya kwanza ilikuwa karibu kwisha. Akaomba kisu chake kidogo. Akaiinua chupa kwenye mwanga wa dirisha, akakwaruza alama kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni mwake, sawasawa na pale dawa ilipofika. "Kila siku utaangaliya," akasema. "Kusudi usinishuku." Akaiweka kando ya mto wake.

Nilimshuku hata hivyo. Kesho yake alfajiri, Mama akiwa kwenye kukamua na Papa bado amelala, niliichukua ile chupa. Karibu dawa yote niliimimina kwenye chupa tupu ya sharubati ya kikohozi, nikaificha. Ile yake nikaijaza maji ya kuchemsha mpaka kwenye alama, nikaitikisa, nikairudisha kando ya mto. Nilijiambia ni mapenzi.

Papa alikunywa kipimo chake cha asubuhi. Saa sita jasho lilikuwa linamtoka usoni na vidole vimeng'ang'ania blanketi. Aliniita. Hakupandisha sauti.

"Umetiya mayi."

Nimeambiwa maneno mengi maishani. Askari wamenitukana barabarani, wagonjwa wamenilaani. Hakuna neno lililonipata kama hilo. Nilisimama pale, mwanamke mzima mwenye diploma ukutani, nikalia kama siku niliyovunja kibuyu cha bibi.

"Uchungu ya dawa imebakiya kidogo sana mu kinywa," akasema, "na alama haikushuka vile inapashwa kushuka. Uliijaza kupita, sawa vile jana mangaribi sikukunywa. Hata kuiba hauyuwe."

"Niliogopa, Papa."

"Mi vilevile niko naogopa. Lakini mi sikutiya mayi."

Nilimwaga ile chupa mbele yake, nikaleta ya sharubati kutoka mahali nilipoificha, nikamrudishia dawa yake tone kwa tone. Nilimpa kipimo, nikakaa naye mpaka vidole vikaachia blanketi. Asubuhi ile nzima alikuwa ameumia bure, kwa mkono wangu, na mimi ndiye niliyesoma kazi ya kuondoa maumivu. Yeye mwenyewe akachora alama mpya. Tangu siku hiyo sikuigusa tena chupa isipokuwa ameniomba.

Aliishi karibu wiki tano. Asubuhi zenye jua tulimtoa nje juu ya mkeka, akahesabu migongo ya ng'ombe kwa macho na kuwatania wachungaji. Mwanamke mmoja mjane wa kule chini, ambaye mumewe alilima shamba linalopakana na malisho yetu, alikuwa akija kumsalimia akitembelea fimbo. Titi lake lilikuwa limeoza kwa ugonjwa, lina harufu, na yeye alikaa mbali na mlango ili harufu isitufikie. Papa alimwambia asogee. Wakaongea juu ya mvua na juu ya viazi. Alipoondoka Papa akaniuliza, "Ye iko nakunywa nini?" Nikamwambia vidonge vya kichwa, vile vya dukani, havimsaidii. Aliiangalia njia aliyoshukia yule mama.

Siku moja ya mvua nilikuwa naleta maji ya kumwosha, nikasimama mlangoni. Papa alikuwa ameishika chupa mkononi, amefungua kizibo. Seringe ilikuwa chini, mbali. Alikuwa anaiangalia ile dawa kama anavyomwangalia mtu anayetaka kumwambia jambo. Hakuniona.

Ningeweza kuingia. Hatua tatu tu. Ningeweza kukohoa, kuangusha ndoo, kusema "Papa, maji yako tayari." Nilirudi jikoni. Nilikaa kwenye kigoda mbele ya moto, nikashika magoti, na hilo ndilo jambo gumu kuliko yote niliyowahi kufanya. Kama angeinywa, sijui leo ningeandika nini. Sijui kama ningejiita muuaji au mtoto wa kweli, na nimechoka na watu wanaojua haraka. Ninachojua ni kwamba nilikuwa nimempa, na nilichompa Papa hakikuwa changu tena.

Mvua ilipopungua niliingia. Alikuwa macho. Chupa ilikuwa kando ya mto, imefungwa, na alama mpya imekwaruzwa, imeshuka kipimo kimoja.

"Mayi yako imepoa," akasema. Nilikwenda kuyapasha moto, nikiimba.

Siku moja kabla hajafa, sauti ikiwa imebaki kidogo, aliniita nikasogeza sikio. Chupa ya kwanza ilikuwa imekwisha zamani. Ya pili, ile yenye alama zake, ilikuwa imefika nusu. "Ile inabakiya," akasema, "umupelekeye ule mama wa chini. Asilale na maumivu." Kisha akaongeza, kwa uchovu lakini akitabasamu: "Na usitiye mayi."

Alikufa asubuhi, wakati wa kukamua, Mama amemshika mkono. Mungu alikuwa amekuja kwa wakati wake, Mama akasema, na safari hii hakuna aliyebishana naye. Wachungaji walipopata habari walimaliza kukamua kwanza. Papa angewagombeza kama wangeacha ng'ombe na viwele vimejaa.

Tulipomaliza kuzika nilimpigia simu daktari wa Goma, nikamweleza hali ya yule mjane. Akaniambia nianze na kiasi kidogo, nikae naye siku ya kwanza. Nilishuka na chupa mikononi. Karatasi yake ilikuwa imejaa mikwaruzo kuanzia juu, mistari myembamba ya kisu, kila mmoja chini ya mwenzake, na dawa ilikuwa imesimama sawasawa kwenye ule wa mwisho.

Mwanamke alikaa kwenye kizingiti. Nilimwonyesha jinsi ya kupima, akanywa, akakunja uso kwa uchungu wa dawa. Tulisubiri. Baada ya muda mabega yake yakashuka, akaegemeza kichwa ukutani, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba hakuwa mzee kama nilivyodhani. Akaichukua chupa, akaigeuzageuza, akapitisha kidole juu ya alama zile.

"Papa yako alikuwa na maumivu mingi," akasema. "Hii yote ilimubakiya namna gani?"

"Alikuchungiya, mama," nikamwambia.