Rangi Niliyompaka Sifaeli

Kwa miaka zaidi ya ishirini nilikana kwamba rangi ilikuwa nzito. Nilikana mbele ya mzee aliyeniuliza, nikakana mbele ya fundi aliyelaumiwa badala yangu, kisha nikaenda chuo kikuu nikaandika tasnifu nzima kuhusu ukweli katika sanaa, na nikapewa alama nzuri. Mwanangu, rangi ilikuwa nzito. Nilijua hata kabla haijakauka.

Siku yenyewe naikumbuka kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu. Ilikuwa Alhamisi, nyumbani kwetu Tengeru, Waingereza wakiwa bado wanatawala. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimemaliza mitihani, nasubiri majibu. Mbele yangu, juu ya ubao, walisimama askari thelathini wa madini ya risasi, kila mmoja urefu wa kidole, hawajapakwa kitu.

Nianze na waliowatengeneza, maana hao ndio husahaulika kwanza. Meja mmoja Mwingereza, mstaafu, alikuwa na shamba la kahawa juu kidogo ya kwetu, na kila Jumamosi alicheza vita mezani na Wazungu wenzake. Usicheke. Walitandika blanketi la kijani juu ya meza kubwa, wakaingiza vitabu chini yake viwe vilima, wakarusha dadu, wakapima kwa rula askari amesogea inchi ngapi, na wakagombana kama watoto. Askari wa Kizungu Meja aliwaagiza kwao, wakaja kwa meli. Alipotaka askari wa Keya, yaani vijana wetu waliovaa sare ya Mwingereza, hakuwapata katika duka lolote. Ndipo akamwendea Baba Anaeli.

Baba Anaeli alikuwa jirani yetu. Alikuwa koplo wa Keya. Alikwenda vitani Burma na mdogo wake Sifaeli, akarudi peke yake. Alifuga nyuki, na kwa nta yao alifinyanga watu wadogo, kwa mwiba, kwa sindano, na kwa ukucha wa kidole gumba aliouacha mrefu makusudi. Nta aliipeleka mjini Arusha kwa Fundi Kartar, Singasinga aliyekuwa na karakana ya kuziba rejeta za magari. Fundi aliifunika nta kwa plasta, akaipasha moto mpaka ikayeyuka na kutoka yote, kisha akamimina risasi ya moto mahali ilipokuwa nta. Ili kumtoa askari ilibidi aivunje plasta. Kwa hiyo kila sura ilikuwa moja tu duniani. Nta imeyeyuka, plasta imevunjika, amebaki askari.

Meja alisema anataka askari thelathini wanaofanana. Baba Anaeli akaitika, "Ndiyo, Bwana," akaenda kufinyanga watu thelathini aliowafahamu. Mmoja alikuwa mpishi wao, mmoja alikuwa mwizi wa soksi, mmoja alikuwa Sifaeli. Picha ya Sifaeli haikuwepo popote. Wakati ule watu wa kwetu walipigwa picha kwa bahati, na Sifaeli bahati hiyo hakuipata.

Mimi nilikuwa mpaka rangi. Nilikuwa na mkono uliotulia, na mke wa Meja alinipa brashi nyembamba na mikebe midogo ya rangi ya mafuta. Kanuni ya kazi alinifundisha Baba Anaeli mwenyewe. "Usoni, Nuru, rangi iwe nyepesi kama chai isiyo na maziwa. Upake mara tatu. Kila mara usubiri siku nzima. Ukipaka nzito inajaa machoni, inajaa kwenye pembe za mdomo, unamzika mtu."

Siku tatu, mwanangu, nami siku tatu hizo, tangu Jumatatu, nilikuwa nimezimaliza kushona gauni. Na Jumamosi hiyo kulikuwa na harusi Kikatiti, na kwenye matarumbeta ya kanisa kulikuwa na kijana ambaye sitamtaja kwa sababu leo ni babu wa watu. Gauni langu lilikuwa bado linahitaji pindo. Nikapiga hesabu ya msichana wa miaka kumi na saba, nikafungua mkebe, nikapaka mara moja, nzito, bila kuchanganya tapentaini ya kuilainisha hata tone. Kufika jioni nyuso zote zilikuwa zinang'aa, laini kama maharage. Maharage thelathini yaliyovaa kofia nyekundu.

Ijumaa asubuhi Baba Anaeli alikuja kuita majina. Hiyo ilikuwa desturi yake, wala Meja hakuwahi kuijua. Kabla askari hawajapelekwa shambani, aliwapanga mstari mlangoni penye mwanga, akasimama wima kama koplo, akaita jina la kila mmoja huku akimgusa kichwani kwa unyasi, na kuitika kwa niaba yake kwa sauti ya chini, "Hapa, Afande." Mama yangu alikuwa akiacha kufagia mpaka amalize.

Siku hiyo aliinua unyasi na hakuita jina. Aliinama. Akamchukua mmoja, akamgeuza kwenye mwanga, akamrudisha. Akamchukua mwingine. Alipita mstari wote, polepole, halafu akaanza upya.

"Nuru, Sifaeli ni yupi?"

Nikanyoosha kidole. "Huyu hapa, Baba."

"Huyu?"

"Huyu."

Nilichagua tu wa karibu. Alimtazama muda mrefu sana. "Sura haimo," akasema. "Ni rangi?"

"Si rangi, Baba. Nilipaka nyepesi kama ulivyosema. Labda Fundi alimimina risasi ikiwa imeshapoa."

Ona hiyo "labda." Baadaye chuoni niliitumia sana, na walimu wangu waliipenda.

Ni kweli risasi ikipoa haijazi vijishimo vidogo, kwa hiyo uongo wangu ulikuwa wa kitaalamu. Adhuhuri Fundi Kartar akaja kwa baiskeli, kama alivyopenda kuja kuona kazi yake imevaa nguo. Baba Anaeli, aliyekuwa bado kwetu, hata salamu hakumpa.

"Umenimiminia risasi baridi," akamwambia.

"Anaeli, umekunywa mbege asubuhi hii?" Fundi alicheka. Alipoona mwenzake hacheki, akaegemeza baiskeli ukutani. "Risasi yangu baridi? Mimi nimeanza kumimina risasi wewe hujui kuvaa suruali!"

"Basi kazi yako imezeeka pamoja na wewe."

"Osha rangi! Leta magadi, leta maji ya moto, osha mmoja tu tuone. Kama pua haimo," na hapo akazishika ndevu zake kwa mkono mzima, "hizi nanyoa. Leo. Papa hapa. Mbele ya huyu mama."

Tuliishi na Masingasinga miaka mingi, tulijua ndevu zile ni nini katika dini yake. Baba Anaeli naye alijua. Akanigeukia. "Nuru, tuoshe?"

Mwanangu, hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Maji yalikuwa jikoni, magadi yalikuwa kwenye kopo. Robo saa ingetosha, na Sifaeli angetoka chini ya rangi akitutazama.

"Meja anawataka kesho asubuhi, Baba," nikasema. "Na rangi ya kuwapaka tena haitoshi."

Mkebe ulikuwa nusu, chini ya benchi, umefunikwa na gauni langu.

Fundi hakunitazama usoni, alitazama mikono yangu. "Binti, una hakika?"

"Nina hakika, Fundi."

Alichukua baiskeli yake akaondoka. Mtu alikuwa ameweka ndevu zake rehani, na mimi nikamwacha arudi nazo mjini kama mwongo.

Harusini nilikwenda. Kijana wa tarumbeta alikuwa amejaza mashavu mchana kutwa, sikumwona vizuri, na baadaye nikaambiwa ana mchumba Moshono. Meja naye alifurahi kupita kiasi. Alipenda vitu vinavyong'aa. Mpishi wake alituambia kwamba askari wetu ndio waliotangulizwa kuvuka mto, mto wenyewe ukiwa utepe wa buluu, na dadu zikawaangusha wote kabla ya chai.

Baba Anaeli alijaribu kumfinyanga Sifaeli tena. Namwona mpaka leo kwenye kigoda chake, kipande cha nta mkononi, akikipasha kwa pumzi ili kilainike. Siku moja alimwambia mama, nami nasikia, "Ile mara ilikuja yenyewe. Sasa nikifinyanga anatoka mtu mwingine. Kila nikijaribu, mtu mwingine." Aliirudisha nta kwenye chungu na hakufinyanga tena. Uhuru ulipokaribia, Meja akauza shamba, akafunga masanduku, na askari wetu wakaenda Uingereza wakiwa wamefungwa katika magazeti.

Majibu ya mtihani yalikuja, mazuri. Nikasoma, nikasoma tena, nikarudi Arusha mwalimu mwenye miwani. Kila nilipokuwa na Baba Anaeli mjini, alivuka barabara kabla hatujaifikia karakana ya Fundi Kartar. Fundi alikuwa akimwona. Mara ya kwanza aliinua mkono nusu, kisha akauteremsha, akajifanya anafuta jasho. Watu hao wawili walikuwa wakila pamoja mahindi ya kuchoma juu ya ndoo iliyogeuzwa, wakitaniana mpaka wapita njia wanasimama. Nami nilipita katikati ya ukimya wao na vitabu vyangu kwapani.

Fundi alipofariki, jamaa zake walimpeleka kumchoma kwa desturi yao. Baba Anaeli alisimama ng'ambo ya barabara, kofia mkononi, hakuvuka. Wiki ile nilikwenda kwake. Alikuwa akichambua kahawa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwalimu."

Nikamwambia yote, mpaka gauni na mkebe. Sikusema "labda" hata mara moja. Aliendelea kuchambua kahawa, mbovu huku, nzuri huku.

"Kwa hiyo Sifaeli yumo," akasema mwishowe.

"Yumo, Baba. Chini ya rangi."

"Yumo." Halafu akaninyooshea ule ukucha. "Na Kartar? Mimi nimemnyima mtu salamu mpaka amekufa, kwa ajili ya harusi yako. Huyo utamtoa chini ya nini?"

Natamani sana kuwaona wale wawili juu ya ndoo yao, hata kwa dakika moja, wakitukanana, na hakuna dawa ya kutoa rangi itakayonirudishia hilo.

Najua desturi ni nasaha kuja mwisho kabisa. Nitaiweka hapa, kwa sababu nikishafika kwenye simu sitaweza kusema zaidi. Mwanangu, kosa likiwa bado bichi linafutika kwa kitambaa. Sema siku hiyohiyo, hata kama harusi ni kesho, hata kama utaonekana mjinga. Usijifiche nyuma ya ustadi wa mtu mwingine, maana ustadi wake ndilo jina lake. Na ukiaminiwa kuimalizia kazi ambayo wengine wameianza, kumbuka kwamba wewe ndiye wa mwisho kuigusa, na ni rahisi mno kwa wa mwisho kuwafuta wote waliotangulia. Paka nyepesi. Subiri ikauke. Mungu akupe mkono mtulivu na ulimi usiochelewa, akulindie rafiki zako wakati bado mnaweza kusalimiana, na akupe mtu wa kukuuliza "Una hakika?" na moyo wa kumjibu kweli.

Basi, nilimwandikia binti wa Meja, mrithi wake. Anwani nilipewa na aliyenunua shamba. Nilimweleza yote na kumwomba, kama wale askari bado wapo, awaoshe rangi nyuso zao, taratibu, asikwangue. Miezi ikapita. Kisha ukaja ujumbe kwamba atapiga simu ofisini kwa mkuu wetu wa shule, siku fulani, saa kumi. Nikamleta Baba Anaeli. Alivaa koti.

Simu ilipolia nilimpa mkono wa simu akaushika kichwa chini miguu juu, nikamgeuzia. Binti wa Meja alikuwa amekulia Tengeru, na Kiswahili chake kilikuwa kilekile cha mtoto wa miaka minane.

"Shikamoo, mzee! Mimi naosha yote. Sasa wana sura! Kila mtu sura yake! Lakini mimi sijui mdogo wako ni nani."

Baba Anaeli alifumba macho. "Mama," akasema kwa sauti kubwa, kama anayeita ng'ambo ya bonde, "tazama mdomo. Kuna mmoja amebana midomo, kama anazuia kicheko kanisani?"

Tukasikia simu ikilazwa mezani, na vitu vidogo vikigongana, kimoja kimoja. Mkuu wa shule alitoka nje bila kuombwa. Nilihesabu mpaka kumi na tisa.

"Mzee?" Sauti ilirudi, chini. "Mmoja yuko. Upande wa kushoto mdomo umepanda kidogo. Yeye anataka kucheka."

Baba Anaeli aliketi kwenye kiti cha mkuu. Aliishika simu kwa mikono miwili. Kisha akakohoa, akaniangalia mimi huku akimwambia yule binti:

"Asante, mama. Basi usimpake tena."