Nguo za mtaro wa kiwanda

Leo nimewachekesha watu kwenye mkutano wa mtaa, na sikuwa natania.

Kile kiwanda cha nguo cha huku kwetu Temeke, kilichofungwa zamani, kimepata hela za kusafisha udongo wenye sumu ili lijengwe soko.
Ila hela ni za ndani ya ukuta tu. Mtaro wa nje haumo.

Dada mtaalamu aliyekuja kutueleza hiyo kazi akauliza, "Nani aliwahi kutumia maji ya huu mtaro?"

Watu wazima wanatazama viatu.

Nikasimama. Nikasema marehemu mke wangu alikuwa anachovyaga nguo zetu humo zikipauka. Kiwanda kikitoa maji ya bluu, tunavaa bluu. Kikitoa mekundu, nyumba nzima nyekundu.

Watu wakacheka. Mzee mmoja akasema, "Kumbe ndo maana ulikuwaga unang'aa vile, baba Zawadi."

Jirani yangu mama Shani akanyanyuka. "Msimcheke. Tulikuwa tunaenda wote na mkewe. Tena tunagombania pa kuchovya."

Mikono ikaanza kunyooka, mmoja mmoja.

Dada akasema basi, na mtaro utaombewa hela. Akauliza kama kuna nguo iliyobaki, wakapime ile rangi.

Ninayo. Pazia la chumbani, la bluu. Mke wangu alilichovya mwenyewe, akalishona mwenyewe.

Nimelitoa dirishani, nimefika nalo mlangoni, nikarudi ndani. Nikakata kipande cha chini, nikawapelekea hicho.

Nimelitundika tena. Limekuwa fupi, ila lipo.

Nyie mngelitoa lote?